Karakana ya Nyumbani na Kazi Isiyokwisha Leo

Neno karakana limeingia katika Kiswahili kutoka Kiajemi, ambako kar ni kazi na khana ni nyumba, na kwa hiyo maana yake ya asili, yaani nyumba ya kazi, inaitambulisha vizuri mada ya mazungumzo haya. Karakana si ghala, kwa sababu ghala huhifadhi vitu vilivyokwisha kutengenezwa au visivyotumika tena. Wala si gereji kwa maana iliyozoeleka Afrika Mashariki, yaani mahali ambapo magari ya watu hupelekwa kutengenezwa kwa malipo. Karakana ya nyumbani, inayozungumziwa hapa, ni chumba, banda au sehemu ya maegesho ya gari iliyotengwa katika makazi ya mtu ili mwenye nyumba na jamaa zake waweze kutengeneza, kukarabati na kubuni vitu kwa mikono yao, ama kwa ajili ya riziki, ama kwa mapenzi ya kazi yenyewe.

Wanaoiota karakana ya namna hiyo ni wengi, na miongoni mwao wamo walimu wanaopenda useremala, wauguzi wanaokarabati redio siku za mapumziko, na wastaafu ambao kwa miaka thelathini walisaini majalada huku mikono yao ikitamani msumeno. Katika ndoto hizo, kinachoonekana kwanza huwa ni zana: mashine zinazong'aa, spana zilizopangwa kwa ukubwa, makabati yenye droo nyingi. Mazungumzo haya yanashikilia kwamba ndoto hiyo huanzia mahali pasipo pake, na kwamba ubora wa karakana ya nyumbani hupimwa kwa swali moja ambalo halihusu zana hata kidogo, nalo ni kama kazi iliyoachwa nusu jioni itakutwa vilevile ilivyoachwa.

Uzito wa swali hilo huonekana katika nyumba isiyo na karakana. Anayetaka kutengeneza kiti hutandika kazi yake kibarazani, uani au juu ya meza ya chakula, na kabla mvua haijanyesha, wageni hawajafika au chakula hakijapakuliwa, hulazimika kukusanya mbao, kufagia unga wa mbao na kurudisha misumari mkebeni, kisha kesho yake huanza tena kwa kutandika. Nusu ya muda wake huishia katika kupanga na kupangua, na taratibu hujizoeza kufanya zile kazi tu zinazokwisha kwa mkao mmoja. Lakini kazi nyingi zenye thamani hazikwishi kwa mkao mmoja. Gundi nyeupe ya mbao hushika baada ya nusu saa au saa moja, ila hufikia nguvu yake kamili baada ya saa 24 hivi, na muda wote huo viungo havifai kusukumwa. Rangi ya mafuta hutaka tabaka la kwanza likauke kabla ya la pili. Na injini iliyofunguliwa huwa na vipande vingi ambavyo fundi hukumbuka mpangilio wake kwa kuviona pale pale alipoviweka. Kazi ya mikono hutaka kulala mahali pake, na karakana ndiyo huipa mahali hapo.

Historia ya Marekani, nchi ambayo banda la gari nyuma ya nyumba limekuwa karibu alama ya ubunifu, inatoa mifano miwili iliyo wazi. Wa kwanza ni wa Henry Ford, aliyekuwa mhandisi katika kampuni ya umeme ya Edison mjini Detroit. Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1893, Ford alileta jikoni injini ndogo ya majaribio, ambayo silinda yake ilitokana na kipande cha bomba, akaifunga kwenye sinki, akachukua umeme wa taa ya nyumbani ili upate kutoa cheche, na mkewe, Clara, aliyekuwa akiandaa chakula cha sikukuu, akaidondoshea petroli kwa mkono hadi ikanguruma. Mtoto wao, Edsel, hakuwa ametimiza hata miezi miwili. Jaribio hilo lilifaulu, lakini jiko lilikuwa la kuazima kwa dakika chache tu, na kazi ya kuunda gari zima haikuweza kufanyika kati ya sufuria na mtoto mchanga. Gari hilo lilijengwa katika banda la matofali nyuma ya nyumba ya kupanga ya nambari 58 katika barabara ya Bagley, ambako vipande vililala usiku baada ya usiku mpaka vikawa chombo cha magurudumu manne ya mfano wa baiskeli, chenye uzito wa kilo zipatazo 227.

Alfajiri ya tarehe 4 Juni 1896, chombo hicho kilipokuwa tayari kutoka, ilidhihirika kwamba kilikuwa kipana kuliko mlango wa banda, na Ford akachukua shoka akabomoa matofali ya ukuta. Tukio hilo husimuliwa mara nyingi kama kichekesho, lakini kwa anayepanga karakana yake ni somo zito la vipimo, kwamba mlango haupimwi kwa upana wa mtu anayeingia bali kwa upana wa kitu kitakachotoka. Plaiwudi kamili, inayouzwa katika maduka ya mbao ya Afrika Mashariki kwa kipimo cha futi 4 kwa 8, yaani mita 1.22 kwa 2.44, haiwezi kuzungushwa ikiwa imelala katika chumba chenye upana wa mita 2, na kabati lililoundwa kwa mbao hiyo halitapita bila taabu katika mlango wa kawaida wa chumba cha kulala.

Mfano wa pili ni wa William Hewlett na David Packard. Mwaka 1938 vijana hao wawili, waliosoma katika Chuo Kikuu cha Stanford, walipanga makazi katika nambari 367 barabara ya Addison mjini Palo Alto, California. Packard na mkewe, Lucile, wakakaa katika nyumba, Hewlett akalala katika kibanda cha uani, na banda la gari likawa karakana. Banda hilo lina ukubwa wa futi 12 kwa 18, yaani mita 3.7 kwa 5.5, eneo la mita za mraba zipatazo 20, ambalo ni dogo kuliko sebule nyingi zinazojengwa leo pembezoni mwa Dar es Salaam au Nairobi. Mtaji wao ulikuwa dola 538, na ndani yake ilihesabiwa mashine ya kutobolea iliyokwisha kutumika. Humo waliunda osileta, kifaa kinachotoa mawimbi ya umeme yenye masafa ya sauti ili mafundi waweze kupima mitambo ya sauti, na miongoni mwa wanunuzi wao wa mwanzo wakawamo watayarishaji wa filamu wa Walt Disney, waliochukua vifaa vinane kwa ajili ya filamu ya Fantasia iliyotoka mwaka 1940. Hata hapo, jiko lilishirikishwa, kwa maana rangi ya mabamba ya mbele ya vifaa hivyo ilikaushwa katika oveni aliyokuwa akipikia Lucile. Mifano yote miwili inaonyesha kwamba karakana ya nyumbani husimama kwa ridhaa ya watu wa nyumba, na kwamba ukubwa wake si jambo la kwanza, kwa kuwa lililohitajika lilikuwa paa, mlango unaofungwa na meza ambayo hakuna mwingine anayeidai ifikapo saa ya chakula.

Afrika Mashariki inalielewa jambo hilo kwa njia yake yenyewe, na lugha imelitunza. Mafundi wa Kenya wanaofua mabati wakaunda masanduku, majiko na karai, kama wale wa Kamukunji jijini Nairobi, waliitwa jua kali kwa sababu walifanya kazi bila paa juu ya vichwa vyao, na jina hilo, ambalo sasa limekuwa jina la sekta nzima ya uchumi, linakumbusha kwamba kukosa banda ni kasoro inayoonekana kabla ya kukosa mashine. Fundi anayefanya kazi chini ya jua hana budi kubeba zana zake kila jioni, hawezi kuacha kitu kikiwa kimeshikwa na gundi, na mvua ikija hukatiza kila jambo. Mwenye nyumba anayepanga karakana, basi, na aanze na paa, kuta na kufuli, hata kama fedha iliyobaki itanunua nyundo na msumeno tu.

Baada ya paa huja meza ya kazi, ambayo ni moyo wa karakana yoyote. Meza hiyo inatakiwa iwe nzito kiasi cha kutosogea inaposukumwa, kwa hiyo miguu yake huwa minene na mara nyingi hufungwa ukutani kwa bolti. Uso wake hufaa uwe wa mbao ngumu, na mninga husifiwa na maseremala kwa kuwa ukishakauka haupindi kwa urahisi. Kimo chake hupimwa kwa mwili wa mtumiaji, ambaye husimama wima, mikono ikining'inia, na uso wa meza ukafika karibu na kifundo cha mkono, kipimo ambacho kwa watu wengi huangukia kati ya sentimita 85 na 90. Meza iliyo chini mno huumiza mgongo, na iliyo juu mno huyanyima mabega nguvu ya kusukuma randa.

Juu ya ukingo wa meza hiyo hufungwa jiliwa, chombo cha chuma chenye taya mbili zinazobanwa kwa skrubu ili kushika kitu kinachofanyiwa kazi. Thamani yake huonekana pale ubao unapopigwa randa. Bila jiliwa, mkono mmoja hulazimika kuushika ubao na mwingine kusukuma randa, ubao hutembea, ukali wa randa huruka, na uso hubaki na makovu. Ubao ukibanwa katika jiliwa, mikono yote miwili huhamia kwenye randa, uzito wa mwili huifuata kutoka mguu wa nyuma hadi wa mbele, na maranda, yaani zile ngozi nyembamba za mbao, hutoka mdomoni mwa randa yakiwa utepe mrefu usiokatika, unaojikunja na kuanguka miguuni ukiwa na harufu ya mti. Kwa mtu asiye na msaidizi, jiliwa ni mkono wa tatu, na mkono huo hauchoki wala hauondoki kazi ikilala.

Mwanga nao hupangwa wakati wa kujenga, kwa sababu ukisahaulika ni vigumu kuuongeza. Katika nchi zilizo karibu na ikweta jua la asubuhi na la jioni huwa chini upande wa mashariki na magharibi, likaingia dirishani moja kwa moja na kuumiza macho, lakini madirisha ya kaskazini na kusini hukingwa kwa urahisi na upenu wa paa, hivyo huleta mwanga mtulivu kwa muda mrefu wa siku. Anayetumia mkono wa kulia hufanya vizuri kuiweka meza ili mwanga utoke kushoto, kivuli cha mkono kisiangukie mstari unaokatwa, na wa mashoto hufanya kinyume chake.

Ni hapo tu, baada ya paa, meza na mwanga, ndipo zana hupata nafasi yake katika mazungumzo haya. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na methali hiyo huwafaa wale ambao kwa miaka wanasubiri mashine kamili ndipo waanze kazi. Nyundo, msumeno, randa moja, patasi tatu za upana tofauti, drili, bisibisi, koleo, tupa, pimamaji, tepu ya kupimia, guniya ya kuhakikisha pembe mraba, na vibano vinne ambavyo mafundi wengi huviita klempu, vyatosha kuunda meza, kigoda, rafu na kitanda. Kinachosahaulika mara nyingi ni kinoo, yaani jiwe la kunolea, wakati patasi butu ndiyo hatari zaidi katika karakana nzima, kwa kuwa humlazimisha fundi kusukuma kwa nguvu nyingi, na nguvu hiyo ikiteleza huishia kwenye mkono wa pili.

Mpangilio wa zana hizo hufaa uonekane kwa jicho, si kwa kumbukumbu. Njia rahisi ni kufunga ubao ukutani, kutundika kila zana kwenye msumari wake, na kuchora kwa rangi umbo la zana hiyo nyuma yake, ili jioni umbo lililo tupu liseme lenyewe kwamba tupa imesahaulika uani au bisibisi imekwenda kwa jirani. Wajapani waliendeleza utaratibu wa kutunza mahali pa kazi kwa hatua tano, ambazo katika hospitali za Tanzania zimeelezwa kwa maneno ya Kiswahili yanayoanza na herufi s: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Maana yake ni kuondoa kisichohitajika, kukipa kila kinachobaki mahali pake, kusafisha, kuufanya utaratibu huo kuwa kanuni, na kudumu nao. Utaratibu huo hauipingi kazi iliyoachwa nusu bali huilinda, kwa sababu meza isiyorundikwa takataka ndiyo yenye nafasi ya kuiacha kazi ilale.

Umeme, vumbi na moto vinastahili uangalifu usio na mzaha. Soketi za mashine hutakiwa ziwe na waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, pamoja na kifaa cha ulinzi kinachokata umeme mara tu uvujaji ukifika miliampia 30, kabla haujaua. Taa hufaa ziwe katika njia yake, mbali na njia ya mashine, ili fyuzi ya mashine ikikatika fundi asibaki gizani mbele ya msumeno ambao bado unazunguka. Vumbi la mbao, ambalo wengi hulidharau kwa sababu linanukia vizuri, limetajwa tangu mwaka 1995 na shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani kuwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mashimo yaliyo ndani ya mifupa inayoizunguka, na kwa hiyo barakoa inayobana vizuri na madirisha yanayopitisha hewa si anasa. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani, yanayotumiwa kung'arishia fanicha, hujipasha joto yanapokauka, na yakirundikwa pamoja yanaweza kuwaka bila kiberiti, kwa sababu hiyo hutandazwa nje moja moja mpaka yakauke. Jenereta au injini ya gari kamwe isiachwe ikiunguruma ndani ya karakana iliyofungwa, kwa kuwa hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka humo haina rangi wala harufu, na huua aliyedhani amechoka tu.

Kwa wakazi wa mwambao, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Mtwara, kuna adui mwingine, naye ni hewa ya chumvi, ambayo hukitia chuma kutu katika siku chache. Kuifuta kila zana kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya mashine kabla ya kuitundika huchukua dakika chache na huokoa zana ambayo ingeweza kurithiwa. Mbao nazo hunywa unyevu na kuvimba kwa upana wake, ilhali urefu wake karibu haubadiliki, na ndiyo maana ubao ulioletwa kutoka bara huachwa majuma kadhaa ukizoea hewa ya pwani kabla haujakatwa. Majuma hayo pia yanahitaji mahali ambapo ubao unaweza kukaa bila kuulizwa unangoja nini.

Yote haya hayahitaji utajiri, bali yanahitaji kukumbukwa wakati ramani ya nyumba inachorwa. Familia nyingi zinazojenga huweka katika ramani sebule mbili, moja ikiwa ya wageni wanaokuja mara chache kwa mwaka, na hazitengi hata mita 3 kwa 6 kwa ajili ya kazi ya mikono, kana kwamba nyumba ni mahali pa kupokea vitu vilivyotengenezwa na wengine tu. Banda la gari linaweza kuongezwa mita moja na nusu upande mmoja, stoo inaweza kupewa dirisha na mlango mpana, na saa za kelele zinaweza kupatanwa na majirani, ili msumeno wa umeme usilie wakati wa kulala wala wa ibada. Kinachohitajika zaidi ni makubaliano ya watu wa nyumba kwamba kitu kilichoachwa juu ya meza ile hakiguswi.

Faida ya makubaliano hayo humfikia hata asiyeshika nyundo. Neno fundi lina ukoo na kufunda na kufundisha, na karakana ya nyumbani hufundisha kwa kuonyesha kazi ikiwa bado katikati. Mtoto anayerudi kutoka shuleni akapita mlangoni, akaona kigoda kimebanwa katika jiliwa kikiwa na miguu mitatu, na mguu wa nne umelala kando ukiwa umechorwa penseli pale utakapokatwa, atauliza kwa nini mstari ule umepigwa mshazari, na mkubwa wake atapaswa kumweleza habari ya pembe, ya uzito wa mtu atakayekikalia, na ya gundi inayohitaji usiku mzima. Maelezo hayo yakikatizwa na chakula cha jioni, hakuna kinachopotea, kwa kuwa mlango utafungwa, kigoda kitabaki katika jiliwa, na kesho, saa ile ile, wote wawili watakikuta na miguu yake mitatu, kikingoja wa nne.